Mpenzi Anayeweza Kukataa: Usawiri wa Mahaba ya Jinsia Moja katika Michezo ya Video

Ikisiri

Makala haya yanachunguza usawiri wa wahusika wenye mapenzi ya jinsia moja katika michezo ya video michache iliyotungwa Kanada na Marekani kati ya mwaka 2011 na 2020. Yanajenga hoja kwamba kusadikika kwa wahusika hao hakutokani na wingi wao, wala na kutajwa waziwazi kwa mwelekeo wao wa kimapenzi. Kunatokana na nafasi waliyopewa ya kutaka jambo ambalo mchezaji hakulitaka, hata kumkataa mchezaji mwenyewe. Uhakiki unaanzia katika dhana ya mhusika duara, unapitia visa vya Anders, Dorian na Cortez, kisha unatumia dhana ya mshenga kueleza michezo ya Gone Home na Hades. Sehemu ya mwisho inajadili ugumu unaozushwa na sarufi ya Kiswahili katika kusimulia mahaba ya namna hii.

Utangulizi

Katika mchezo wa Dragon Age II, uliotolewa na studio ya BioWare mwaka 2011, mganga aitwaye Anders anaingia usiku katika hekalu la mji wa Kirkwall kumtoa Karl, mwenzake wa siku nyingi. Anafika akiwa amechelewa. Karl amekwisha kufanyiwa tendo ambalo katika ulimwengu wa mchezo huu huwapokonya waganga nguvu zao pamoja na hisia zao zote: mwili unabaki, sauti inabaki, mtu hayupo. Kwa muda mfupi fahamu zinamrudia, naye anaitumia nafasi hiyo kuomba auawe kabla hazijampotea tena. Mchezaji, ambaye tangu mwanzo aliamua kama mhusika mkuu, Hawke, atakuwa mwanamume au mwanamke, anayashuhudia yote hayo. Baadaye, Hawke akiwa mwanamume, Anders humweleza kwamba yeye na Karl walikuwa wapenzi. Hawke akiwa mwanamke, jambo hilo halisemwi, na Karl hubaki kuwa rafiki.

Kifo ni kile kile na ombi la Karl ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha yaliyokitangulia kifo hicho, nayo yamebadilishwa na kitufe kilichobonyezwa kabla hadithi haijaanza, na mtu ambaye wakati huo hakumjua Karl wala Anders. Huenda msomaji akajibu kwamba hata katika maisha ya kawaida watu huchagua wa kumfungulia moyo. Jibu hilo lingetosha kama Anders angekuwa na sababu yoyote ya kumficha Hawke wa kike. Hana. Anders si msiri. Ni mtu wa kusema kila kinachomkera, tena kwa kirefu. Ukimya wake hapa hautokani na tabia yake. Umewekwa na mtunzi ili kila mchezaji ampate Anders anayemfaa.

Makala haya hayaingii katika mabishano ya sheria na maadili yanayozunguka mapenzi ya jinsia moja. Swali lake ni la kisanaa: mhusika wa namna hii anasadikika lini, na anapokosa kusadikika, kasoro iko wapi? Neno shoga lenyewe linahitaji tahadhari. Mwanamke wa pwani humwita rafiki yake wa kike shoga bila kumaanisha mahaba yoyote, ilhali neno hilo hilo likielekezwa kwa mwanamume hubeba maana nyingine, na mara nyingi matusi. Amory (1998) amekwisha kuonyesha kwamba msamiati huu wa pwani una historia na mipaka yake, na kwamba hauwiani moja kwa moja na majina ya kisasa ya Ulaya na Marekani. Katika makala haya, shoga ni mwanamume anayewapenda wanaume, na neno linatumika bila kejeli.

Nje ya Kiswahili, uhakiki wa michezo ya video umeanza kuondoka kwenye kazi ya kuhesabu wahusika. Shaw (2014) anatilia shaka dhana kwamba mchezaji wa kundi fulani huhitaji mhusika wa kundi hilo ili ajione ndani ya mchezo. Ruberg (2019) anaupeleka mjadala mbali zaidi, kwenye tendo lenyewe la kucheza. Hoja zote mbili zina uzito. Hata hivyo, zinaliacha kando swali la kizamani kidogo ambalo mhakiki wa fasihi hana budi kulirudia, nalo ni swali la ujenzi wa mhusika.

Duara, bapa na kitufe

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na E. M. Forster mapema, pengine kabla ya kusoma riwaya yake hata moja, kupitia dhana za wahusika bapa na wahusika duara. Dhana hizo zilitokana na mihadhara aliyoitoa Cambridge na kuichapisha mwaka 1927. Kipimo chake cha uduara ni kwamba mhusika aweze kutushangaza, na mshangao huo usadikike. Lisilotajwa sana madarasani ni kwamba mhadhiri huyo alikuwa na riwaya aliyoificha. Maurice, inayohusu wanaume wanaopendana, aliiandika mwaka 1913 na 1914, lakini haikuchapishwa hadi 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Aliyewaeleza wenziwe namna ya kumjenga mtu kamili karatasini alijua fika kwamba watu kamili wa aina moja walikuwa hawaruhusiwi kuonekana. Jambo hilo linakipa kipimo chake uzito ambao vitabu vya kiada huusahau: kumnyima mtu uwezo wa kushangaza ni njia mojawapo ya kumfuta.

Katika michezo ya video kipimo hicho hukumbana na tatizo ambalo riwaya haina. Aarseth (1997) alieleza kwamba kuna matini ambazo msomaji hawezi kuzipata bila kuzifanyia kazi. Mchezo ni mojawapo. Mchezaji huongoza, huchagua na hurudia. Akitokea mhusika wa kupendwa, upendo huo nao huingizwa katika mfumo wa kazi na ujira. Katika michezo ya Dragon Age ya kipindi hiki, kauli za kutongoza huwekewa alama ya moyo ili mchezaji asizikose. Fadhili huongezwa, zawadi hupokewa, kauli mbaya hupunguza. Mahaba huwa kama daftari la muuza duka: kila tendo linaandikwa, na hesabu ikitimia mteja hudai chake. Mpenzi wa namna hii hawezi kushangaza, maana kazi yake ni kulipa deni.

Tatizo hili huwakumba wahusika wote, wawe wanapenda jinsia yao au nyingine. Kwa mhusika shoga, hata hivyo, lina makali ya ziada. Mapenzi ya mwanamume kwa mwanamke hayahitaji kuelezwa ndani ya hadithi. Jamii yote inayomzunguka mhusika imeyajengea nyumba. Mapenzi ya jinsia moja mara nyingi yana historia ya kufichwa, kuulizwa na kulipiwa, na historia hiyo ndiyo sehemu ya utu wa mhusika. Ikiwa mwelekeo wake unawashwa na kuzimwa kulingana na anayemtazama, historia hiyo haiwezi kuwapo, na Karl hawezi kuwa amependwa na yeyote.

Haki inataka upande wa pili usikilizwe. Dragon Age II iliwaweka wenzi wanne, yaani Anders, Fenris, Merrill na Isabela, wazi kwa Hawke wa jinsia yoyote. Uamuzi huo ulikuwa na usawa ndani yake. Mchezaji shoga, ambaye katika michezo mingi aliambulia patupu au mpenzi mmoja wa kubahatisha, alipewa uwanja ule ule aliopewa mwenzake. Isabela, kwa hakika, anatoka salama: kuwapenda kwake wanaume na wanawake ni tabia yake inayojulikana na kuzungumzwa, mchezaji ampende asimpende. Kwa hiyo ubaya hauko katika mapenzi ya pande mbili. Uko pale mhusika anapokuwa hana upande wowote hadi mchezaji afike. Kati ya haki ya mchezaji ya kupenda na haki ya mhusika ya kuwa mtu, Dragon Age II ilichagua ya kwanza, na mchezo uliofuata ukabadili mkondo.

Dorian na baba yake

Dorian Pavus wa Dragon Age: Inquisition (2014) anatoka Tevinter, dola inayotawaliwa na waganga wa nasaba. Amesoma, anajipenda, anavaa vizuri na anajua kwamba anavaa vizuri. Aliyemtunga ni David Gaider, mtunzi ambaye mwenyewe ni shoga na hajawahi kulifanya hilo siri. Mhusika mkuu wa kike anaweza kumtongoza Dorian kadiri apendavyo. Atapata utani na urafiki, hatapata zaidi. Daftari la duka linafungwa. Kwa mchezaji aliyezoea kwamba bidii hulipwa, kukataliwa huku ni habari mpya, na kunatimiza sharti la Forster bila mbwembwe: Dorian ameshangaza, na mshangao unasadikika kwa sababu hautegemei anayeongea naye.

Kisa chake kikuu kinafunguka katika baa moja mjini Redcliffe. Dorian ameitwa huko akidhani anakwenda kukutana na mtumishi wa nyumba yao. Anamkuta baba yake, Halward. Familia ilikuwa imepanga ndoa ya kuendeleza damu ya ukoo. Dorian alikataa kuishi maisha yake yote katika uongo, na Halward, alipoona mwana hakubali, alijiandaa kutumia uchawi wa damu kumbadilisha. Mwana akakimbia.

Kiswahili kinatoa hapa chombo cha uchambuzi kinachokata vizuri. Lugha yetu hutenganisha uganga na uchawi: nguvu huweza kuwa ya aina moja, lakini nia na heshima yake ni mbili tofauti. Halward ndiye aliyemlea Dorian katika kuamini tofauti hiyo, na ndiye aliyemfundisha kuudharau uchawi wa damu kama kimbilio la wasio na akili ya kutosha. Siku ilipofika ya kuchagua kati ya mafundisho yake na jina la ukoo, mganga akawa mchawi. Kinaya cha tukio hili kinamwangukia baba, na ndiyo maana linagusa. Uchungu wa Dorian una sura mbili: baba hakumkubali, na tena baba alivunja kile alichokuwa amemfundisha mwanawe kukiheshimu. Sura hii ya pili inamhusu msomaji yeyote aliyewahi kumwona mzee wake akisaliti neno lake mwenyewe.

Kuna pingamizi la haki. Je, mhusika shoga hawezi kupewa kisa kingine isipokuwa kisa cha kuteswa kwa ajili ya ushoga wake? Kama Dorian angekuwa na baa ya Redcliffe peke yake, pingamizi hilo lingemwangusha. Lakini ana zaidi. Anaipenda Tevinter kwa mapenzi yenye aibu ndani yake. Anataka kuitengeneza, naye hajui aanzie wapi. Akiulizwa juu ya utumwa, anautetea kwa hoja dhaifu za mtu aliyehudumiwa na watumwa tangu utotoni na hajawahi kulazimika kufikiri. Mchezaji anayempenda hujikuta akimwonea haya. Hapo ndipo uduara wake unapokamilika, katika kasoro isiyohusiana hata kidogo na anayelala naye. Mtunzi mwoga angemfanya shoga wake wa kwanza awe malaika.

Jambo jingine linastahili kutajwa kwa sababu ni dogo na hupita kimyakimya. Mchezaji asipompenda Dorian wala shujaa mwingine aitwaye Iron Bull, akawa anasafiri nao pamoja, wawili hao huanza kupendana wenyewe. Mchezaji huligundua hilo kwa kusikia maneno yao njiani, kama mtu aliyeketi kiti cha mbele cha basi akisikia mazungumzo ya nyuma. Hakuchagua, hakuombwa ruhusa. Nayo nyongeza ya mwaka 2015, Trespasser, inampeleka Dorian kwao Tevinter kushika kiti cha baba yake aliyefariki, hata kama mpenzi wake ni mhusika mkuu. Anaondoka. Upendo haujaisha, lakini si kazi pekee aliyonayo duniani.

Pale Redcliffe, hata hivyo, mtunzi anateleza. Mabishano ya baba na mwana yakifika kileleni, mchezaji ndiye anayepewa uamuzi: Dorian abaki asikilize, au aondoke. Mtu aliyekimbia nyumbani ili asiamuliwe na mwingine anaamuliwa tena, safari hii na rafiki. Huenda mfumo wa mchezo ulidai hivyo, kwa kuwa mchezaji asiye na la kufanya huchoka. Lakini kilichotazamiwa ni Dorian kupuuza ushauri angalau mara moja.

Msiba wa Cortez

Katika Mass Effect 3 (2012), mchezo mwingine wa BioWare, rubani Steve Cortez anafanya kazi katika ghala la chombo cha anga. Mhusika mkuu, Shepard, anamkuta akisikiliza sauti iliyorekodiwa ya mumewe, Robert, aliyekufa katika shambulio lililoikumba makazi yao. Neno mume linatamkwa kama lingetamkwa na mjane yeyote. Hakuna anayeshtuka, hakuna anayepongeza uvumilivu wake mwenyewe. Anachotaka Cortez ni kuomboleza, na Shepard, awe mwanamume au mwanamke, anaweza kumsindikiza katika kuomboleza huko. Shepard asipomsaidia, Cortez atakufa baadaye vitani, akimsaidia, atapona.

Ufundi uko katika mpangilio. Upendo wa kwanza tunaoujua kwa Cortez ni kwa mtu tusiyeweza kumwona, na mchezaji anayetaka kumpenda hana budi kwanza kumheshimu marehemu. Kasoro nayo iko wazi: uhai wa mjane kutegemea idadi ya mazungumzo ni daftari la duka lililovaa nguo za msiba.

Mchezaji kama mshenga

Mifano iliyotangulia inamweka mchezaji katika nafasi ya mchumba. Kuna michezo iliyomwondoa hapo kabisa, nayo kwa maoni ya makala haya ndiyo iliyofaulu zaidi.

Gone Home, wa studio ndogo ya Fullbright, ulitolewa mwaka 2013. Ni Juni 1995, jimbo la Oregon, Marekani. Kaitlin anarudi kutoka safari ya Ulaya usiku wa mvua na kuikuta nyumba mpya ya wazazi wake haina mtu. Mchezaji huzunguka vyumbani, hufungua droo, husoma karatasi, na kipande kwa kipande husikia sauti ya mdogo wake, Sam, ikisimulia alivyompenda msichana mwenzake wa shule, Lonnie, ambaye anakaribia kujiunga na jeshi. Wazazi, walipoambiwa, hawakufoka wala kumfukuza. Walilichukulia kuwa ni jambo la kupita. Kukataliwa kwa namna hiyo, kwa upole na bila kusikilizwa, ni kugumu kuliko kufukuzwa, kwa sababu hakumwachi mtoto na adui wa kupambana naye.

Mchezaji ni dada mtu. Hana kauli ya kuchagua katika mahaba haya, hana zawadi ya kutoa, wala wapenzi wenyewe hawaoni. Kilichobaki kwake ni hofu, na mtunzi anaichezea hofu hiyo kwa makusudi. Taa zinayumba. Bafu lina madoa mekundu, na mchezaji aliyelelewa na sinema za kutisha anayasoma kuwa damu. Akitazama vizuri anagundua ni rangi ya nywele. Mlango wa darini umewekewa taa nyekundu. Kadiri sauti ya Sam inavyozidi kukata tamaa, mchezaji anapanda ngazi akiwa na uhakika wa atakachokikuta juu. Hakikuti. Lonnie ameshuka kwenye basi la jeshi na kupiga simu, Sam amekwenda kumfuata, na dari ni tupu.

Taharuki hii inamfanya mchezaji agundue kitu ndani yake mwenyewe: kwamba alikuwa ameshamwandikia Sam kifo. Hakuna aliyemwambia kwamba msichana anayempenda msichana lazima afe. Alilibeba wazo hilo kutoka katika hadithi zote alizowahi kuzisoma na kuzitazama. Mwisho wa kazi za namna hii haujawahi kuwa suala la ufundi pekee. Forster alishikilia kwamba Maurice iishe kwa heri, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoizuia isitoke. Mwaka 2018 filamu ya Kenya, Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilipigwa marufuku nyumbani, kisha ikaruhusiwa kwa siku saba kwa amri ya mahakama. Kahiu alieleza kwamba bodi ya uainishaji ilitaka mwisho wake wenye matumaini ubadilishwe. Mpenzi aliyeadhibiwa huvumilika hata na asiyempenda. Aliyebaki hai ndiye anayeleta ugomvi, na Sam amebaki hai.

Hades, wa studio ya Supergiant, uliokamilika mwaka 2020, unachukua njia nyingine. Zagreus, mwana wa mungu wa kuzimu, anajaribu kutoroka kwa baba yake. Anakufa, anarudi, anajaribu tena. Mlezi wake wa silaha ni Achilles. Katika sehemu ya kuzimu wanamokaa mashujaa anakutana na Patroclus, ameketi peke yake, hana hamu na lolote. Homer hakusema wazi kwamba wawili hawa walikuwa wapenzi. Walioishi baada yake, Aeschylus na Plato miongoni mwao, ndio waliolisema. Mchezo unaifuata njia ya hao wa baadaye na kuuliza swali jipya: baada ya kifo, ilikuwaje? Achilles alikubali kuwa mtumishi wa Hades ili Patroclus apewe makao mema. Patroclus anachojua ni kwamba Achilles hayupo.

Zagreus anakuwa mshenga. Neno hili ni la utamaduni wetu, lakini linaieleza kazi yake kuliko istilahi yoyote ya nadharia ya michezo. Mshenga haendi kwa niaba ya moyo wake. Hubeba maneno ya mmoja na kuyafikisha kwa mwingine, husubiri jibu, hurudi nalo, na heshima yake inategemea kutoyaongezea wala kuyapunguza. Tena mshenga lazima arudi mara nyingi; hakuna posa ya siku moja. Mchezo uliojengwa juu ya kufa na kurudi unampa mshenga huyu sababu ya kurudi. Kila Zagreus anapofika kwa Patroclus, analeta kipande kimoja. Kila anapofufuka nyumbani, analipeleka neno moja kwa Achilles. Hatimaye ni yeye anayegharimia kubadilishwa kwa mkataba, na wapenzi wanakutana. Anapowakuta pamoja, mchezaji anaona furaha ya mtu aliyefanya kazi ambayo matunda yake si yake. Ni furaha adimu katika michezo hii.

Zagreus mwenyewe anaweza kumpenda Thanatos, mungu wa mauti, au Megaera, au wote wawili. Visa hivyo vina uzuri wake, ila vimerudi kwenye daftari: chupa za nekta, kisha ambrosia. Inafurahisha basi kwamba Dusa, mtumishi wa nyumba anayepokea zawadi zile zile kwa hesabu ile ile, anafika mwisho wa njia na kumwambia Zagreus kwamba anachokitaka ni urafiki. Zawadi hazirudishwi.

Kuoa, kuolewa na mwenzangu

Michezo iliyojadiliwa imetungwa kwa Kiingereza, lugha inayotenga mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Kiswahili hakitengi. Mfasiri atakayezisikia kauli za Sam juu ya Lonnie atapata "nilimwona", "alinicheka", "tulikaa naye", na hakuna kiambishi kitakachomwambia msikilizaji kwamba Lonnie ni msichana. Jina lenyewe halisaidii. Uwezo huu wa kuficha si mgeni kwa washairi wetu, ambao kwa karne nyingi wamemwimba mpenzi bila kulazimika kumtaja jinsia. Kwa Gone Home, hata hivyo, ungekuwa hasara, kwa sababu mchezo hautaki kuficha. Unataka mchezaji ajue mapema na aogope. Mfasiri angelazimika kuingiza neno "msichana" pale ambapo Kiingereza kilihitaji kiwakilishi tu, na kila mara angekuwa anasisitiza kile ambacho Sam alikisema bila mkazo.

Kwa Cortez ugumu unageuka. Kiswahili, kisichotenga jinsia katika nafsi, huitenga kwa ukali katika kitenzi cha ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda na ya kutendwa zimegawana kazi, na anayezichanganya huchekwa. Cortez akisema "nilioa", amemfanya Robert mke. Akisema "niliolewa", amejiweka mwenyewe katika nafasi hiyo, na kicheko cha hadhira kitaingia katika tukio la msiba. Kauli ya kutendana, "tulioana", inawaweka sawa, lakini inadai wawe wawili katika sentensi, ilhali anayezungumza amebaki peke yake. Mfasiri atajikuta kwenye "nilikuwa na mume", kauli fupi na sahihi ya mjane. Ajabu ni kwamba inamfaa Cortez vizuri kuliko tafsiri yoyote ya kitenzi.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili kinapata faida. Katika The Last of Us (2013), wa studio ya Naughty Dog, mtu mkali aitwaye Bill, anayeishi peke yake katika mji uliotegwa mitego, anamkuta Frank amejinyonga. Neno la Kiingereza analolitumia kumtambulisha kwa Joel huweza kuwa mshirika wa kazi au mwandani wa maisha, na Joel haulizi. Mchezaji akiitafuta barua aliyoiacha Frank, atasoma kwamba alimchukia Bill na asingevumilia tena kuishi naye. Chuki kama hiyo haiandikiwi mtu wa kushirikiana naye kazi tu. Kiswahili kina neno hilo tayari, lenye upana ule ule na ukimya ule ule, na mfasiri hatahitaji kulitafuta mbali: mwenzangu.